Mwonja Mswaki wa Taifa

Si zamani sana, wala si mbali sana, na kwa hakika si kwetu, iko nchi iitwayo Mng'aro. Ni nchi iliyobarikiwa. Ina mito miwili, milima mitatu na mawaziri sabini na wanne. Umeme nao upo. Ikulu huwaka siku zote, na kwingineko huwaka siku ile Mtukufu Rais anapopita barabarani, ili aone kwamba unawaka.

Watu wa Mng'aro wana desturi moja ambayo wageni huistaajabia sana. Mtukufu anapofungua kinywa kusema, kila aliye mbele yake hutoa kitambaa kilichonyunyiziwa marashi, akajiziba nacho pua mpaka maneno yaishe. Hicho huitwa Kitambaa cha Heshima. Hakuna ajuaye kilianza lini. Wazee husema hapo mwanzo kilikuwa cha mawaziri wa safu ya mbele tu, na tena walikitoa kwa kuibia. Safu ya pili ikaona imebaguliwa, nayo ikatoa vyake. Siku hizi watoto wa shule hufundishwa kukunja kitambaa kabla ya kufundishwa kusoma, na kwenye gwaride askari hujiziba pua kwa amri moja, kikosi kizima kwa mpigo, jambo ambalo hupendeza mno kulitazama. Mtukufu mwenyewe hulitazama kwa macho yenye unyevu.

"Hakuna kiongozi duniani," husema, "anayeheshimiwa namna hii."

Na hilo ni kweli.

Basi mwaka mmoja Mtukufu alialikwa na rais wa nchi tajiri ya ng'ambo. Usiku walikaa mezani bega kwa bega, wakala, wakazungumza. Gazeti la serikali liliandika kwamba mwenyeji aliisikiliza hekima ya Mtukufu huku machozi yakimtiririka, kwamba aligeuza uso upande wa pili mara kwa mara ili kuficha jinsi alivyoguswa, na kwamba mwishowe aliomba madirisha yafunguliwe, bila shaka ili hekima hiyo iwafikie na walioko nje. Asubuhi, Mtukufu akiwa amekwisha weka mguu kwenye ngazi ya ndege, mwenyeji alimkabidhi zawadi kwa mkono ulionyooshwa sana. Kilikuwa kisanduku cheupe chenye utepe. Ndani yake mlikuwa na mswaki wa umeme.

Hivyo ndivyo Mng'aro ilivyoingia katika mjadala mkubwa kuliko yote, tangu ule wa rangi ya zulia la uwanja wa ndege.

*

Waziri wa Vinywa alikuwa Mheshimiwa Mwinchande Goboka, mtu mnene kiasi, mpole kiasi na mwongo kiasi. Kwa kifupi, waziri. Alikuwa na jambo moja tu jema katika maisha yake, na jambo hilo halikuwa la serikali. Kila alfajiri, kabla dereva hajafika, aliketi na mkewe Siwatu kwenye kibaraza cha nyuma ya nyumba. Siwatu alikuwa amepanda msuaki pale uani, mti mdogo uliopinda kama bibi anayeumwa kiuno. Alivunja vijiti viwili, akakimenya kimoja akampa mumewe, kingine akakitafuna mwenyewe. Wakasugua meno, wakatema, wakasengenya watu. Saa hiyo Goboka hakuwa Mheshimiwa. Alikuwa Baba Tunu tu, kwa jina la binti yao aliyekwisha olewa.

"Sogea huko," Siwatu alimwambia asubuhi moja. "Kinywa chako leo kimelala na paka. Tafuna kijiti kwanza ndipo uniamkie."

"Maneno gani hayo kwa waziri?"

"Waziri yuko ofisini. Hapa namwona Baba Tunu na singlendi yake." Akatema. "Halafu jana nimekusikia redioni. Umesema nchi ina meno mengi kuliko mwaka jana."

"Ndivyo takwimu zilivyo."

"Watu ndio wameongezeka, ama walewale wameota mengine?"

"Tema mate, Mama Tunu, uache siasa."

Siwatu alicheka mpaka akapaliwa, na Goboka akampigapiga mgongoni naye akicheka. Katika Mng'aro yote hapakuwa na mtu mwingine aliyethubutu kumcheka usoni, wala mwingine ambaye angetaka kuchekwa naye.

Asubuhi hiyohiyo akaitwa Ikulu.

Mtukufu alikuwa ameketi peke yake, mswaki wa umeme mkononi, akiuwasha na kuuzima. Ulinguruma kama nyigu ndani ya chupa. Goboka alitoa kitambaa upesi.

"Mwinchande," alisema Mtukufu, "nimepewa hiki. Je, nchi ihamie kwenye mswaki huu, au ibaki na miswaki yake? Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mbele ya Baraza la Mawaziri, utanishauri."

Lazima tueleze hapa, kwa ajili ya wasomaji wa nchi ambako mambo ni tofauti, maana ya kushauri. Katika Mng'aro, kumshauri mkubwa ni kugundua alichokwisha kukiamua, kisha kumwambia kana kwamba umekifikiri mwenyewe. Akishangaa jinsi mlivyowaza sawa, unapandishwa cheo. Mkitofautiana, unapumzishwa. Waziri wa Vinywa aliyetangulia alipumzishwa kwa kumshauri Mtukufu kunywa maji mengi, siku ambayo Mtukufu alikuwa ameamua kunywa soda. Sasa ni Meneja wa Mnara wa Taa katika Jangwa la Kauka, mahali ambapo bahari haijapata kufika. Huwasha taa kila jioni, kwa tahadhari.

Goboka aliuona mnara ule machoni mwake. Akajaribu ujanja.

"Mtukufu mwenyewe umeuonaje?"

"Nimeuona mweupe," alijibu Mtukufu, akauwasha tena.

*

Kuanzia siku hiyo nchi haikulala. Kwenye redio waliitwa maprofesa wawili. Wa kwanza alithibitisha kwamba kijiti ni utamaduni, na kwamba mtu anayepiga mswaki kwa umeme amemtukana babu yake. Wa pili alithibitisha kwamba babu mwenyewe, kama angeuona umeme, angekitupa kijiti. Walizozana saa nzima kwa ukali wa kutisha, kisha kila mmoja akamalizia, "Isipokuwa kama Mtukufu anaona vingine," wakapeana mikono.

Kamati ya Bunge ilikwenda ng'ambo kujifunza, wajumbe pamoja na wake na waume zao, ili jambo litazamwe kwa macho mengi. Ilirudi na mabegi mazito na taarifa nyepesi: wenzetu wanasugua na kutema, sisi pia tunasugua na kutema, na hivyo ziara ya pili ni ya lazima ili kuona wanatemea wapi.

Aliyemnyima Goboka usingizi hasa ni Mheshimiwa Lukanga, Waziri wa Umeme, mtu mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hana kazi kwa kuwa hakuna umeme. Sasa alikuwa amepata. Aliujaza uwanja wa mpira akahutubia.

"Ndugu wananchi! Taifa linalosugua meno kwa mkono ni taifa linaloupoteza mkono! Mkono huo ungekuwa unapiga makofi!"

Watu wakapiga makofi.

"Mheshimiwa," sauti moja ikatoka nyuma, "umeme wenyewe hatuna!"

"Na ndiyo maana tunauhitaji mswaki!" alinguruma Lukanga. "Mkishakuwa nao kila nyumba, mkausimamisha pale dirishani ukingoja, umeme utaona aibu kutokuja!"

Makofi yakawa makubwa zaidi. Aliyeuliza alitafutwa, ili apongezwe, na hadi leo familia yake inangoja arudi kutoka kupongezwa.

Goboka alisikia hayo redioni. Je, Lukanga alikuwa amejua Mtukufu anataka nini, au naye alikuwa anabahatisha? Aliagiza mswaki mmoja wa umeme uletwe nyumbani kwake ili aujaribu. Umeme haukuwepo, basi dereva akawasha jenereta. Majirani walipoona taa zake zimewaka walidhani umeme umerudi, wakatoka nje na vigelegele, simu na chaja mikononi, wakajipanga getini. Ndani ya bafu Goboka alitia dawa ya meno, akauwasha mswaki kabla haujafika mdomoni. Dawa yote ikaruka ikatua kwenye picha ya Mtukufu. Sheria ya Mng'aro inataka picha hiyo itundikwe katika kila chumba, bila kusahau kile ambacho msomaji anakifikiria.

Siwatu alimkuta mumewe amepiga magoti juu ya beseni, akiifuta picha kwa taulo na kuiomba radhi.

"Baba Tunu! Huo ni mswaki ama ni mashine ya kusaga?"

"Usicheke. Leo usicheke, mke wangu. Ijumaa nikikosea, tunahamia jangwani. Wewe na mimi, na taa."

Siwatu akaacha kucheka. Alichukua taulo, akamfuta mumewe povu lililokuwa sikioni.

"Sikiliza. Mimi sikusoma mambo ya vinywa. Lakini wewe unazunguka redioni na viwanjani kutafuta nini? Kwani yeye mwenyewe, asubuhi akiamka, anatumia upi?"

Goboka aliinuka, picha kifuani. Kwa siku zote zile, katika nchi nzima, hakuna aliyekuwa amejiuliza.

*

Bafu la Ikulu lilikuwa chini ya ulinzi wa Kanali Shomvi, ambaye cheo chake kamili kilikuwa Mwonja Mswaki wa Taifa. Alikuwa na meno ambayo Goboka hakuwahi kuyaona kwa binadamu, meupe, yaliyojipanga kama maharusi. Alipotabasamu, chumba kilipata mwanga.

"Karibu, Mheshimiwa. Unataka kujua Mtukufu anatumia mswaki upi? Chagua mwenyewe."

Akafungua kabati. Miswaki ilikuwa imesimama kama jeshi: ya mti, ya plastiki, ya fedha, ya pembe, mingine ikiwa na majina ya nchi zilizoitoa. Goboka aliinama akaitazama. Manyoya yake yote yalikuwa wima na makavu, kama ya siku ya kwanza dukani. Vijiti vilikuwa na maganda yake. Akashangaa pia, kwa mara ya kwanza, kwa nini mataifa mengi hivyo, bila kuambiana, yalimletea rais mmoja zawadi ya aina moja.

"Kanali, mbona hii haijatumika?"

"Hii ni ya akiba. Inayotumika nimeionja."

"Unaonja mswaki?"

"Sheria ya usalama, Mheshimiwa. Kitu chochote hakiingii kinywani mwa Mtukufu kabla sijakionja mimi. Chakula nakionja, tunangoja nusu saa. Mswaki nao nauonja, ndani na nje, juu na chini, kisha tunangoja hadi kesho yake, maana wataalamu walisema sumu ya mswaki huenda polepole. Nikiamka mzima, mswaki ni salama."

"Ndipo anautumia."

Kanali alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyelelewa vizuri.

"Mheshimiwa, kweli wewe unaweza kumpa Rais wa nchi mswaki uliokwisha kuingia kinywani mwangu? Hiyo si adabu. Unatupwa. Unaletwa mpya."

"Na huo mpya?"

"Nauonja."

Bomba lilidondosha tone moja, kwa heshima.

"Tangu lini, Kanali?"

"Tangu aapishwe."

"Na yeye mwenyewe anajua?"

"Anajua kwamba kila siku mswaki unapigwa. Naingia asubuhi napiga saluti: 'Mtukufu, mswaki umepigwa.' Ananiambia ahsante, anakwenda kunywa chai."

Goboka aliketi ukingoni mwa beseni la kuogea. Mambo yote yalikuja kichwani mwake kwa pamoja, yakasimama kwenye mstari: vitambaa, marashi, machozi ya mwenyeji, madirisha, mkono ulionyooshwa, kabati lile lililojaa zawadi.

"Kanali," alinong'ona, "wewe unakaa naye karibu kuliko sote. Hujawahi kusikia... harufu?"

Kanali Shomvi akasimama wima.

"Mimi ni mwonjaji, Mheshimiwa. Kunusa si idara yangu."

*

Goboka alipokuwa anatoka, alimkuta Mtukufu kwenye ukumbi mdogo. Hakukuwa na walinzi. Mtukufu alikuwa amempakata mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka minne, na mtoto alikuwa analia huku anajinyonganyonga atoke. Akateleza, akakimbia hadi pembeni mwa kabati, akabaki huko akimtazama babu yake kwa jicho moja.

"Kaa, Mwinchande." Mtukufu hakumwita waziri. "Nataka kukuuliza kama mtu mzima na mtu mzima mwenzake."

Goboka akakaa, kitambaa puani.

"Huyu mtoto. Wengine anawakimbilia, hata mtunza bustani. Mimi kila nikimpakata analia. Mama yake aliniambia ni meno yanaota." Akamtazama tena mtoto. "Meno yameisha kuota. Kuna kitu hamniambii?"

Na kwa muda mfupi uso ule uliotundikwa katika kila chumba ulikuwa uso tu, wa mzee mwenye mifuko chini ya macho, aliyekuwa akimtamani mjukuu wake. Jibu lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa Goboka. Lilikuwa fupi. Siwatu alimpa yeye jibu hilo mara ngapi asubuhi, naye akatafuna kijiti, wakacheka, mambo yakaisha. Hakuhitaji hata ujasiri mwingi. Alihitaji ule tu ambao mkewe huwa nao kabla ya chai.

Kisha akauona mnara. Taa yake ilikuwa inazunguka juu ya mchanga.

"Mtoto analia kwa furaha, Mtukufu," alisema kupitia kitambaa. "Umri wake bado mdogo, hawezi kubeba furaha kubwa kiasi hicho."

Mtukufu aligeukia pembe ya kabati.

"Ndiyo," alisema polepole. "Hata mimi nilidhani hivyo."

Lakini alilisema kama mtu aliyeomba maji akapewa picha ya kisima.

*

Alfajiri ya Ijumaa, kwenye kibaraza, Goboka alimsimulia mkewe yote. Masimulizi yalipofika kwa kanali na maonjo yake, Siwatu alicheka hadi kijiti kikamdondoka. Yalipofika kwa mtoto, aliacha.

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kakuuliza kama mtu."

"Mama Tunu, mtu huyo ana jeshi!"

"Ana mjukuu." Siwatu alikiokota kijiti chake, akakipangusa, hakukirudisha mdomoni. "Mimi nilidhani kinywa chako kinanuka asubuhi tu."

Akaingia ndani. Goboka akabaki na msuaki. Alimaliza kusugua meno peke yake, na kabla hajatema mara ya mwisho, likamjia wazo ambalo lingemwokoa.

Baraza la Mawaziri lilijaa. Lukanga alisema kwanza, akataka kila raia apewe mswaki wa umeme na aulipie polepole kwa maisha yake yote. Mtukufu hakutikisa kichwa wala hakukubali. Kisha akageuza macho.

"Waziri wa Vinywa."

Goboka alisimama, akajikohoza.

"Mtukufu Rais. Taifa limejiuliza kwa siku nyingi, mswaki upi? Kwa unyenyekevu mkubwa, swali hilo ni dogo. Swali kubwa ni hili: nani apige?"

Vitambaa sabini na vitatu vikasimama.

"Wananchi wetu wamechagua wabunge. Mbunge husafiri kwa niaba yao. Husinzia bungeni kwa niaba yao, na huo ni mzigo mzito. Hula kwa niaba yao, na mpaka leo wizara yangu haijapokea hata raia mmoja aliyelalamika kwamba mbunge wake hakushiba. Je, mtu huyo huyo atashindwa kupiga mswaki kwa niaba yao?" Sauti ilimpanda. "Tuhamie kwenye mswaki wa umeme, Mtukufu! Lakini upigwe na wachache kwa niaba ya wengi. Mambo haya hayakutoka ng'ambo. Humu humu Ikulu, tangu ulipoapishwa, umetuonyesha njia!"

"Na yule atakayejipigia mwenyewe?" aliuliza Mtukufu.

"Huyo, Mtukufu, hana imani na mwakilishi wake."

Ukumbi ukawa kimya kama kaburi lenye kiyoyozi. Lukanga alianza kutabasamu. Mtukufu alitazama dari, akatazama meza.

"Ajabu," alisema. "Ndivyo nilivyowaza."

Mawaziri wakashangilia. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa umeshika kitambaa, walijipiga mapajani kwa ule mwingine, na sauti yake ilikuwa kama ya kuku wengi wanaokung'uta mabawa. Jioni hiyo Lukanga alipewa tiketi ya jangwani, awe msaidizi wa meneja wa mnara. Alifurahi kusikia kwamba taa ile hutumia mafuta ya taa.

*

Sheria ilipita bila kusomwa, kama inavyostahili sheria nzuri. Kila jimbo lilipata mswaki mmoja wa umeme na mbunge mmoja wa kuutumia. Kila asubuhi redio ilirusha mngurumo wake, na wananchi walitakiwa kukaa mbele ya redio wakiwa vinywa wazi hadi mbunge ateme. Wengi walisema walihisi ubaridi kidogo. Misuaki iling'olewa nchi nzima, kwa kuwa mti wa namna hiyo uani mwa mtu ulikuwa kama silaha isiyo na kibali.

Wa kibaraza cha nyuma uling'olewa na wakaguzi wa Wizara ya Vinywa, vijana wenye adabu, waliomsalimia Siwatu shikamoo kabla ya kuchukua jembe. Siwatu alisimama akaangalia shimo.

Goboka alipata tuzo kubwa kuliko zote katika utumishi wa umma. Kwa mchango wake kwa taifa, alipewa Mwonja Mswaki wake mwenyewe.

Huyo alikuwa sajini mmoja mwenye bidii. Alihamia chumba cha wageni. Kila alfajiri alipiga saluti mlangoni, meno yake yakimeta. "Mheshimiwa, mswaki umepigwa!" Siku za mwanzo Goboka alijaribu kumzunguka. Alitia kidole kwenye majivu, akachovya chumvi jikoni. Lakini sajini aliijua kazi yake, na chumvi ikaonjwa, majivu yakaonjwa, na kidole cha waziri kikaandikiwa onyo.

Miezi ikapita. Kibaraza kiliota majani kwenye nyufa. Siwatu alikuwa akiamka mapema kuliko mumewe, akajifungia jikoni na kipande cha mkaa alichokisaga mwenyewe, na alipotoka meno yake yalikuwa vilevile. Mumewe hakumuuliza. Siwatu naye hakumwambia tena kwamba kinywa chake kimelala na paka. Alimpa chai, akasogea dirishani. Alimpa chakula, akakumbuka kitu uani. Goboka alisema moyoni kwamba umri ndio huo, watu wakikaa pamoja muda mrefu hupungukiwa maneno.

Jioni moja alirudi mapema, akipanda ngazi mbili mbili licha ya unene wake. Mtukufu alikuwa amemteua kuwa Waziri Mkuu. Habari ilikuwa bado siri, na kwa miaka yote aliyoishi na Siwatu, siri alimwambia kwa kumwinamia sikioni, naye husema "Nitekenye tu, husemi kitu," wakacheka. Alimkuta sebuleni. Sajini alisimama mlangoni kama kawaida. Goboka alimwendea mkewe, akamwinamia, akafungua kinywa.

"Mama Tunu..."

Siwatu alifungua fundo la kanga yake. Akatoa kitambaa. Kilikuwa kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe nne kama wanavyofundishwa shuleni, na kilinukia waridi. Akakiweka puani kwa mkono usiotetemeka.

"Hongera, Mheshimiwa," alisema.

Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na chozi moja likashuka mpaka ukingoni mwa kitambaa. Goboka alilitazama. Katika nchi nzima alikuwa mmoja wa watu wawili waliojua chozi la namna ile linatoka wapi, na yule mwingine alikuwa amekishika kitambaa mbele yake.

"Mama ameguswa, Mheshimiwa," alisema sajini kutoka mlangoni, kwa sauti ya kutaka kupendeza.

Goboka alinyooka. Akaenda dirishani, akalifungua mwenyewe mpaka mwisho, akabaki amewapa mgongo, akilitazama shimo lililokuwa uani.

"Ndiyo," alisema. "Ameguswa sana."